Nilivyoikagua Bastola ya Mzee Yusuf

Mimi ni dalali wa ngamia hapa Garissa, na sokoni sijawahi kuona muuzaji asiyeficha kasoro ya mnyama wake. Kwa hiyo Mzee Yusuf, mwalimu mstaafu, aliponiambia anauza bastola yake ndogo ya kulengea shabaha, nilishuku hata tabasamu lake. Kibali ninacho, lakini bastola ya mtumba! Niliikagua kama ngamia. Nikapapasa mtutu, nikaunusa, nikauliza mara tatu kwa nini anaiuza.

"Macho yangu yamechoka, wallahi. Ijaribu mwenyewe."

Kwenye uwanja wa shabaha nilipiga risasi tano. Tulipokwenda kutazama, karatasi yangu ya shabaha haikuwa na tundu hata moja.

"Si nilijua!" nikapaza sauti wote wasikie. "Mtutu umepinda! Mzee mzima, unaniuzia kitu kibovu?"

Aliyejibu ni Mama Halima, nesi aliyesimama kwenye nafasi ya kando yangu, akiwa ameishika karatasi yake.

"Samahani, mimi sijapiga bado. Nani ametoboa karatasi yangu matundu matano, yote katikati?"

Mzee akaichukua bastola mkononi mwangu, akaipangusa polepole.

"Bastola tumeshaikagua, adeer, mwanangu," akasema. "Sasa tumkague mnunuzi."