Kivuli cha Yakubu

Lukumani hakuwahi kukaa kwenye benchi la shule. Wakati wa Wabelgiji, mtoto wa Kiislamu wa Kisangani, komini moja ya mji, aliyetaka shule alipaswa kupitia mlango wa misheni, na baba yake hakukubali. Alijifunza kusoma kwenye magazeti ambayo wauzaji walifungia chumvi, akikazana na herufi mojamoja huku mguu ukikanyaga cherehani. Alikuwa fundi wa kushona. Lakini mtaani hawakumjua kwa kanzu zake. Walimjua kwa hadithi.

Kila Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, alifunika cherehani kwa kitambaa, watu wakajaa barazani kwake. Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: wahusika wa hadithi walipewa majina ya watu waliokaa palepale. Mwizi wa hadithi aliitwa kwa jina la mtu aliyekuwa akimtazama msimuliaji usoni. Mwenye jina alipaswa kujibu mara moja, kwa sauti: "Siyo mimi, ni kivuli changu!" Watu wakacheka, hadithi ikaendelea, na jina likamrudia mwenyewe likiwa safi.

Aliyejibu vizuri kuliko wote alikuwa Yakubu, fundi wa baiskeli mwenye kibanda ng'ambo ya njia.

"Wewe Lukumani," alilalamika siku moja, "kivuli changu kimeiba bata tu? Unanizarau. Mupe mbuzi!"

Uhuru ulipokuja mwaka wa sitini, mji ulijaa karatasi: hotuba, magazeti ya vyama, picha za viongozi. Lukumani akaona kwamba zamu ya watu wa baraza lake kuingia kitabuni imefika. Akaanza riwaya, akiiandika nyuma ya karatasi za kukatia nguo.

"Unaandikia nani?" aliuliza Mwanahamisi, mke wake. "Watu iko hapa, na masikio yao."

"Wale ambao hawajazaliwa bado."

"Bon. Na wao watakujibu namna gani?"

Alicheka, akaendelea kuandika. Hakufikiria kubadilisha majina. Kwake, hadithi isiyo na majina ya majirani ilikuwa kanzu isiyo na mtu ndani. Sura aliyoipenda zaidi ilimhusu Yakubu. Ndani yake Yakubu alitengeneza fonia, ule mtambo wa kutuma maneno hewani, kwa spoki na pampu ya baiskeli, akazungumza na ndege za Wazungu.

Kisha, mwaka wa sitini na nne, waasi waliingia mjini. Walihofia ndege za kijeshi, na mtu aliyeshukiwa kuziita kwa fonia hakuulizwa mara mbili. Walipekua nyumba moja baada ya nyingine. Kwa Lukumani hawakukuta fonia. Walikuta karatasi chini ya cherehani, na mmoja wao aliyejua kusoma akasoma: "Yakubu akatoa fonia chini ya kiti, akaita ndege." Hakuendelea mpaka kwenye spoki na pampu. Alimshika Lukumani mkono kwa heshima.

"Merci, papa. Umesaidia mapinduzi."

Kabla Lukumani hajapata sauti, walikuwa wameshavuka njia. Yakubu alitolewa kibandani na ufunguo wa spoki bado mkononi.

Lukumani angeweza kunyamaza. Walikuwa wamemshukuru. Kwenda kusema kwamba alichoandika hakikuwa kweli ni kujiita mwongo mbele ya watu wenye bunduki. Mwanahamisi hakumwambia nenda wala baki. Alimletea viatu tu, akaviweka mlangoni.

Komanda wa waasi alimpokea uani kwake, karatasi zikiwa magotini pake.

"Donc, basi uliandika uongo."

"Niliandika hadithi, komanda."

"Tofauti iko wapi?"

Lukumani hakuwahi kuulizwa swali hilo. Alijibu kama mtu anayepapasa gizani. "Uongo unataka mutu asijibu. Hadithi inangoja ajibu."

"Bon. Basi ajibu."

Watu wa mtaa waliitwa. Yakubu alikalishwa chini mbele yao, vidole vyote vimevimba na kupinda. Lukumani akapewa karatasi zake, akasoma. Alipofika kwenye jina la Yakubu alisimama, kama kawaida ya barazani, akangoja.

Yakubu alimtazama. Hakufungua mdomo.

Lukumani alisoma tena. Kimya. Mtu mwenye bunduki akabadilisha mguu. Hapakuwa na njia nyingine ila kusonga mbele, na mstari uliofuata ulikuwa na jina la mke wake, akiiba sufuria ya gavana. Alitaka kuuruka. Hakuwahi kuruka mstari barazani.

"Siyo mimi, ni kivuli changu!"

Sauti ya Mwanahamisi ilitoka katikati ya wanawake. Kila mtu pale alijua kwamba kujibu ni kukiri kwamba uko kwenye zile karatasi. Lakini jina la Sefu muuza nyama lilipofika, Sefu alijibu. Jina la Madina likafuata, naye akajibu. Lukumani akasoma jinsi Yakubu alivyoita kwenye pampu ya baiskeli akiomba unga, na gavana akamjibu toka Ubelgiji aje na mfuko wake mwenyewe. Watu wakacheka, kicheko cha hofu, lakini kicheko.

Komanda hakucheka. Alizichukua karatasi, akazisukuma motoni chini ya birika la chai.

"Peleka kivuli chako nyumbani," alimwambia Yakubu.

Vidole havikunyooka tena. Yakubu hakuweza kukaza spoki. Kibandani mwake akauza sabuni. Vita vilipopita, Lukumani alifunika cherehani Ijumaa moja, akaanza hadithi. Yakubu alikuja, maana alikuwa muungwana. Jina lake lilipotajwa, alitazama miguu yake. Hakuna aliyemjibia. Baada ya hapo watu wakapungua, kisha zikaja redio ndogo. Siku hizi kila mtu yuko na yake sikioni. Redio inamtukana, inamdanganya, na yeye anasikiliza tu, kwa sababu hakuna anayengoja jibu lake.

Miaka mingi baada ya vita, Émilie, mwalimu kutoka Isangi, alimletea Lukumani riwaya aliyokuwa akiiandika. Alisikia kwamba mzee huyu aliwahi kuandika. Lukumani alisoma kutwa nzima.

"Huyu mulevi, Dominique, ni nani?"

"Ni tonton, mjomba wangu, papa. Kila mutu kwetu atamujua. Ndiyo utamu wake!"

"Amesikia?"

"Hajui kusoma."

Lukumani aligeukia njia, akaita kama zamani: "Yakubu!"

Ng'ambo, mzee aliinua kichwa, akatazama, akarudi kwenye sabuni zake.

"Huyo alikuwa anajibu kuliko watu wote hapa," alisema Lukumani. "Mimi nilimuandika mahali hawezi kujibu. Rudi Isangi, musomee tonton wako, mbele ya watu. Akicheka, akikutukana, endelea. Akinyamaza, tafuta jina lingine, na sura nyingine, na kosa lingine. Hata kama sura hiyo ndiyo unaipenda kuliko zote."

"Na nikikosa?"

"Utakosa siku nyingi. Ndiyo kazi yenyewe."

Émilie alikunja karatasi zake, akaaga. Ng'ambo ya njia, Yakubu alikuwa akifunga kibanda. Alisukuma komeo kwa kiganja, pole pole, maana vidole havikuweza kulishika.