Mistari Nyuma ya Nguzo

Mama mkwe wangu alishona magunia miaka kumi na tisa katika ghala la bandarini. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, na shazia mkononi. Shazia ni ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Ukikosea gunia, inaingia kwenye paja. Ana makovu matatu na hajawahi kuyaonea haya. Ghala lenyewe lilifungwa siku nyingi. Sasa wamelipaka chokaa, wameweka mlango wa kioo, wanaliita makumbusho ya mji wa kale.

Mimi ni mke wa mwanawe. Nafua na kukunja mashuka katika nyumba ya wageni mpaka saa tisa alasiri, na saa zote hizo mwanangu, tunayemwita Kibonge, hubaki na Mama. Hakuna aliyewahi kuuliza neno. Kisha mwezi uliopita Mama akasahau sufuria ya maharage jikoni, ikaungua mpaka ikawa haijulikani kama ni sufuria au mkaa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akafika wakati moshi haujatoka.

Alinivuta uani. "Wifi, utamwachia mtoto mtu wa hivi?"

"Ni siku moja tu."

"Siku moja? Juzi ameniambia mimi nilipimwa kwenye mizani ya magunia. Mimi, kama mchele."

"Pengine ni kweli."

"Alikuwa mshona magunia, hakuwa nesi. Mama anachanganya mambo, tukubali."

Alikuwa amekwisha kumpata msichana wa kukaa na mtoto, aanze Jumatatu. Mama angehamia kwake, apumzike. Mume wangu hapendi maneno na dada yake, akasema sawa.  Sufuria niliisugua mimi kwa mikono yangu. Lakini nilikuwa nimeona na mengine. Nimemwona Mama akipima maji ya kuogea kwa kiwiko. Nimemwona akisimama kumfuata Kibonge kabla hajalia, halafu ndiyo analia.

Kuta za nyumba yetu ni nyembamba. Jumapili asubuhi Mama alitoka chumbani amevaa viatu.

"Makumbusho leo hawatozi kiingilio," alisema. "Mama Kibonge, mfunge mtoto mgongoni. Na umwambie wifi yako aje. Nataka anionyeshe nilipochanganya."

Wifi alikuja. Nadhani alitaka yaishe.

Mtaa ule wa ufukweni una nyumba zilizoliwa na chumvi, milango mikubwa kuliko watu. Mama alitembea polepole bila kuuliza njia. Mlangoni alisimama akaitazama sakafu.

"Wameipiga rangi," alisema. "Ingekuwa hivi zamani tungeteleza wote na magunia yetu."

Mwongozaji, binti mwenye fulana ya makumbusho, alitupokea. "Shikamoo bibi. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilikuwa naingilia mlango wa nyuma."

Chumba cha kwanza kulikuwa na sanamu ya mwanamke anashona gunia. Amekaa kwenye kiti kizuri, gunia juu ya magoti, sindano ameishika kama anatarizi kitambaa cha meza. Mama aliizunguka.

"Huyu bibi harusi ndiyo nani?"

"Ni mshonaji wa magunia, bibi."

"Akishona hivi, mpaka jioni ameshona gauni lake na gunia pamoja."

Binti alicheka. Wifi hakucheka. Nilimwona anamtazama Mama kama mtu anayesubiri kikombe kianguke.

Mizani ilikuwa chumba cha ndani, imezungushiwa kamba. Mizani ya chini, ile yenye bamba la chuma la kusimamishia mizigo na fimbo yenye jiwe la kusogeza. Kando yake nguzo ya mbao, nene, imekwaruzwa mikwaruzo mingi. Kibao kiliandikwa: Alama za makarani za kuhesabu magunia.

Wifi alikisoma kwa sauti, taratibu. Kisha akamgeukia mama yake, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Umeona, Mama? Magunia. Twende ukapumzike."

 Kibonge alikuwa anavuta kitambaa changu cha kichwa, nikamwachia avute.

Mama hakwenda. "Za mbele ni za karani," alisema. "Sikatai. Mwanangu," akamwambia binti, "kule nyuma, upande wa ukutani, mlitazama?"

"Nyuma pana giza, bibi. Wataalamu walisema zote ni za magunia."

"Sisi tuliziweka nyuma mnyapara asizione. Meli ikishaondoka, naye ameenda kula, tulikuwa tunapanda mizani. Unapanda na mtoto. Halafu mwenzako anakupokea mtoto, unapanda mikono mitupu. Kinachozidi ndiyo mtoto. Kila kilo mstari mmoja, kila mwezi safu yake. Hatukujua kuandika, kwa hiyo kila mtu aliweka mshono wake juu kama jina. Wangu mfupa wa samaki. Uko chini kabisa, kwa sababu nilikuwa nachonga nimekaa."

Binti aliitazama kamba, akatazama mlangoni, akaifungua kamba. Nilichuchumaa mimi, mtoto mgongoni, na taa ya simu. Nafasi kati ya nguzo na ukuta ilikuwa ya kupitisha mkono na kichwa. Vumbi likaniingia puani.

Uko. Mfupa wa samaki, mishale midogo imelaliana, sawasawa na mshono ulio kwenye ukingo wa blanketi la Kibonge, ambao nauona kila siku nikimfunika. Chini yake safu za mistari.

"Wifi," nilisema. "Njoo uone."

Alipiga magoti na gauni lake la Jumapili. Akapitisha mkono, akaanza kugusa safu kwa kidole, moja moja, midomo inacheza bila sauti. Mistari mitatu. Minne. Mitano. Sita. Sita. Kidole kikasimama.

"Hapa ni mitano," alisema. "Baada ya sita."

"Uliharisha," Mama alijibu pale juu. "Mwezi ule nilikuwa nashona kwa mkono mmoja, wewe uko kwenye mwingine. Nilipoona umepungua, niliacha mizani na kazi, nikakupeleka zahanati kwa miguu. Soma inayofuata."

"Sita."

"Na nyingine?"

"Saba." Alikaa pale chini.

Binti alikuwa anakitazama kibao chake. "Bibi, una hakika hii siyo hesabu ya magunia?"

"Gunia halipati homa, mwanangu," Mama alisema. "Gunia likipungua, ni mwizi."

 Tukirudi, karibu na nyumbani wifi alinifungua mtoto mgongoni, nikadhani anataka kumbeba yeye. Akampa Mama.

Jumatatu msichana hakuja. Alikuja wifi, kabla sijatoka kwenda kazini kwangu, akaweka saa ya kengele juu ya kabati la vyombo.

"Ukibandika sufuria, itegeshe," alimwambia Mama.

"Ikilia itaniamshia mtoto."

"Basi iweke mbali na mtoto."

"Ikiwa mbali nitaisikiaje, na mimi niko na mtoto?"

Waliendelea hivyo mpaka nikafunga mlango. Sisemi kwamba Mama hasahau. Wiki ile alitafuta miwani iliyokuwa usoni. Lakini siku moja niliporudi kazini, nilikuta ukutani, kando ya kitanda cha Kibonge, mfupa wa samaki umechorwa kwa mkaa, na chini yake mistari tisa.

Sikuuliza alimpima na mizani ya nani. Baadaye muuza viazi wa kona aliniambia mwenyewe.