Jaji wa Spana na Seti Isiyovunjwa

Kulikuwa na fundi wa magari ambaye gereji nzima ilimwita Jaji, na jina hilo hakulipatia mahakamani. Alilipatia kwenye spana. Ukitaka kujua spana ipi ni bora kuliko zote duniani, unamwendea yeye, unakaa kwenye tairi kuukuu mlangoni pa banda lake, na shughuli zako za siku hiyo unaziaga. Ataanza kukueleza. Atakueleza mpaka umsahau mgonjwa uliyekuwa unampelekea dawa.

Spana zenyewe ni zile za kila siku, upande mmoja mdomo wazi unaoidaka nati ubavuni, upande wa pili ringi inayoivaa nati kichwa kizima. Hakuna fundi asiyekuwa nazo. Ila Jaji alikuwa na seti tatu za hali ya juu, alizozikusanya kwa miaka mingi kwa kujinyima na kubembeleza mafundi wastaafu, na kila seti aliiita kwa jina la kwao: Mjerumani, Mjapani na Mmarekani. Mjerumani, kwa maelezo yake, ana ringi nyembamba inayopenya pasipopenyeka, na kwa kuwa hang'ai sana, hatelezi hata mkono ukiwa umelowa oili. Mjapani ni mwepesi, utafanya naye kazi kutwa na kiwiko kisilalamike, tatizo lake ubavu ni mkali, ukimkandamiza sana anakuchoma kiganja. Mmarekani ni mrefu, anakupa nguvu ya bure, anang'aa kiasi kwamba unaweza kujitazamia ukanyoa ndevu, na ukimvunja, kiwandani wanakupa mwingine bila kukuuliza swali.

"Lakini nani atamvunja?" Jaji alikuwa akiuliza hapo, huku amenyanyua kidole. Na ni kweli, hakuna aliyewahi kumvunja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtumia.

Ndiyo, umesikia vizuri. Seti zote tatu zililala ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, zimeviringishwa kwenye flana safi kuliko aliyovaa mwenyewe, na kila Ijumaa zilitolewa, zikapanguswa, zikarudishwa kulala. Kazi ya gereji, ile ya jasho na matope, ilifanywa na seti ya nne, ya mnadani, ambayo chapa yake ilishafutika na Jaji akaiita Yatima. Yatima alifungua magurudumu, Yatima aliteremsha gia boksi, Yatima akivishwa bomba mkiani ili nguvu iongezeke, na nati ikigoma kabisa, Yatima ndiye aliyepigwa nyundo. Sifa hakupewa hata moja.

"Jaji," alikuwa akimchokoza jirani yake, mnyoosha bodi aliyeitwa Gonga, "hao wageni wako wa kabatini wanakula na kulala tu. Mtumishi ni mmoja."

"Wewe gonga mabati yako. Mambo ya vipimo yaache kwa wenyewe."

Basi. Jaji alikuwa na binti, mtoto wake wa kwanza, naye alikuwa fundi. Ufundi wake aliuanzia mlemle bandani akimshikia baba tochi, akaenda chuo, akarudi na cheti, kisha akapata kazi kwenye karakana ya mabasi upande wa pili wa mji. Kwa majaribio, lakini. Mwisho wa majaribio msimamizi angempa basi, angesimama pembeni kumwangalia anavyofanya kazi, na hapo ndipo ingejulikana kama ameajiriwa au anarudi nyumbani kumshikia baba tochi. Na kule kulikuwa na utaratibu wao: kila fundi anakuja na spana zake. Kampuni haitoi spana, na kuazimana ni mwiko. Kuomba spana ya mwenzio kule ni sawa na kumwomba mswaki.

Siku alipoleta habari hiyo, mama yake, ambaye ni fundi cherehani na hushonea palepale sebuleni, alipiga kigelegele mpaka uzi ukamkatikia. Jaji naye alifurahi, asisingiziwe. Machozi yalimlengalenga.

"Mwanangu," alisema, "seti moja kati ya zile tatu ni yako. Nimesema."

Binti alimrukia shingoni. "Asante, baba! Nipe yoyote tu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Yoyote!" Jaji alimtoa shingoni taratibu. "Yoyote ndiyo nini? Unaingia kwenye mabasi, nati za basi si za mchezo. Lazima zilinganishwe. Nipe muda nikate shauri. Kwa sasa anza na Yatima."

Mke wake aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akamtazama, akayarudisha. Alikuwa ameolewa na mtu huyo muda mrefu, alijua shauri lake linavyokatwa.

Binti akaondoka na Yatima. Jaji akabaki na seti tatu za kifalme na hana spana ya kufanyia kazi, kwa hiyo akawa anaazima za Gonga. Gonga alimpa huku akicheka mpaka akajishika mbavu.

Ulinganishaji ulianza. Aliyepatikana na bahati hiyo ni mama mmoja muuza mayai, aliyeleta pikapu yake ibadilishwe bomba la moshi. Nati za bomba la moshi zinajulikana, zimeiva kwa moto na kutu mpaka zimeshikana na bolti kama ndugu. Jaji alizikagua, uso ukamng'aa. Akafungua kabati mchana kweupe, watu wakasimama. Akamtoa Mjerumani, namba kumi na nne, akamvisha nati ya kwanza, akavuta. Nati ikalia kidogo, ikaachia. Umati ukashangilia. Muuza mayai akasema Mungu mkubwa, akachukua mkoba wake.

"Bado, mama," Jaji alisema, na akaikaza tena ileile nati.

"Fundi! Si ilishafunguka?"

"Ilifunguka kwa Mjerumani. Mjapani naye ana haki ya kuikuta kama mwenzake alivyoikuta. Haki ndiyo hiyo."

Akaikaza sawasawa, kwa bomba, ili Mjapani asije akasingizia kuwa alipewa nati legelege. Mjapani akaifungua. Akaikaza tena, safari hii akiegemea na kifua, kwa sababu Mmarekani ni mrefu na angeonekana ameonewa huruma. Muuza mayai akawa anamtazama kama anayemwangalia mtu akimwaga maji kwenye mchanga. Mmarekani akavishwa. Jaji akavuta, na kweli ilienda kwa ulaini wa ajabu, akafungua mdomo amtangaze mshindi, kumbe kilichoenda si nati. Ni bolti. Imekatika kwenye shina, ncha yake imebaki ndani ya ringi pamoja na nati, inang'aa.

Sitayarudia aliyoyasema muuza mayai. Niseme tu kwamba alianza na Mjerumani akamalizia na ukoo wa Jaji. Ilibidi kipande kilichobaki kitobolewe kwa drili mpaka jua likaanza kuzama, kwa drili ya Gonga pia.

"Hukumu ni ipi, Jaji?" Gonga aliuliza akikunja waya.

"Hakuna hukumu. Shahidi amefariki."

Ungedhani atakoma. Wapi! Alihamia kwenye mengine: ringi ya pembe sita dhidi ya ringi ya meno kumi na mawili, mkunjo wa shingo ya ringi unaokinga vidole visigonge chuma, uzito wa kila mkia kwenye mizani ya kupimia unga. Kila akimchagua mmoja, aliona sababu ya yeye kubaki. Mjerumani alikuwa mzuri mno, haiwezekani akapotelee karakana. Mjapani alinunuliwa kwa fundi aliyemfundisha kazi, marehemu, ingekuwa kama kumtupa mzee wa watu. Mmarekani, je, akiibwa? Kuwa na mkono wa birika kunajulikana, lakini Jaji alikuwa na mkono wa birika uliovaa glavu za utafiti, na mwenyewe hakujua.

Kule karakana, Yatima alikuwa anachoka. Namba kumi na tatu, ambayo kwenye mabasi ndiyo inayofanya kazi kuliko ndugu zake wote, ilipanuka mdomo, na ringi yake ikaanza kula pembe za nati. Jumapili moja binti alikuja nyumbani kula, vifundo vya mkono wa kulia vimechubuka vyote, amevibandika plasta.

"Inateleza, baba. Nikivuta inaachia, mkono unaingia kwenye chuma. Msimamizi ameshaniambia anayeharibu nati hana nafasi pale. Ananipima Alhamisi."

Mama mtu alisimamisha cherehani. "Baba watoto, umesikia? Mpe mtoto spana."

"Nimesikia. Alhamisi haitafika hajapata. Nimebakiza Mjerumani na Mjapani tu, naangalia kidogo."

"Utaangalia mpaka mtoto afukuzwe," mke wake alisema, na hakuwa anatania.

Tumsifu pale anapostahili: Alhamisi asubuhi Jaji alikata shauri. Alimtoa Mjerumani kabatini, seti nzima, akamfunga vizuri kwenye begi lake la turubai, akavaa shati la kola, akaenda. Njiani kote alilikumbatia begi kama anayempeleka mtu hospitali. Alipofika getini aliomba aitiwe mwanawe, na binti akaja mbio, ovaroli imejaa grisi, akaona begi, akacheka kwa furaha kabisa. Pembeni yao fundi mmoja wa palepale, asiyewajua wala kuwahusu, alikuwa anafuta mikono kwenye kitambaa.

Jaji akafungua begi, akafunua flana. Lakini hakutoa. Alianza kwanza na maelezo.

"Huyu hapigwi nyundo. Bomba usimvishe kabisa. Nati yenye kutu usimpe, tumia kwanza spana ya mtu mwingine ilegee, ndipo umlete yeye. Jioni unampangusa, unampaka mafuta. Na asishikwe na mtu asiyejua."

Furaha ya binti ikawa inapungua usoni, neno kwa neno. Alizitazama zile spana zilizolala hazina hata mkwaruzo, akatazama mikono yake.

"Baba, hizi nitazitumiaje? Hapa nati zote zina kutu." Akageuka kidogo kutazama ndani. "Nikupunguzie mawazo. Seti kaa nayo. Nipe namba kumi na tatu peke yake, ndiyo iliyonishinda. Msimamizi yuko ndani ananisubiri."

Sasa elewa jambo moja kuhusu watu wa spana. Kumpa mtu seti nzima wanaweza. Inauma, lakini seti inabaki seti, imehama nyumba tu. Kuchomoa namba moja katikati, ukaacha pengo kati ya kumi na mbili na kumi na nne, hilo kwao ni kung'oa jino zima kinywani. Na Jaji, aliyekuja kutoa zote, alijikuta amefunika begi kwa mikono miwili.

"Seti haivunjwi," alisema.

Ilimtoka kabla hajafikiri. Aliisikia mwenyewe, akatamani kuirudisha kinywani, na mikono yake bado ilikuwa juu ya begi.

Binti hakukasirika, na bora angekasirika. Alisema, "Haya, baba. Nisalimie mama." Akageuka.

Yule fundi wa pembeni aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa kumi na tatu nyeusi ya grisi, akamrushia. "Shika hiyo, dada. Utanipa ukimaliza." Binti akaidaka, akaingia ndani, na yule fundi akaendelea kufuta mikono yake kama hajavunja mwiko wowote.

Jaji alirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Begi lilikuwa zito. Alijaribu kujieleza mwenyewe kwamba angempa, kwamba alikuwa anakaribia kumpa, kwamba angeitwa tena angempa zote. Hakuna aliyemwita. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu mzima ashindwe kuitikia salamu za majirani.

Alipoingia sebuleni mke wake alikuwa anapinda shati. Hakusimamisha mguu.

"Umempa?"

Jaji aliweka begi mezani. "Hajachukua."

"Hajachukua." Cherehani ilisimama. Mke wake alifungua begi, akafunua flana, akapitisha kidole juu ya spana, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. "Zote zipo."

"Zote zipo," Jaji alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi mwanao amepiga simu sasa hivi. Amepita. Ameajiriwa." Alikunja ile flana vizuri, kama alivyoikuta. "Kwa spana ya mtu baki."