Mfumo Haukukubali "Sijui", Nikajibu "Hapana"

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, naishi Tunduma, lakini nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vita vilinitoa huko nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa mpakani nimeishi kwa kuwajazia madereva wa malori fomu zao, na siku zote niliwaambia: usiache nafasi wazi, fomu yenye pengo hurudishwa.

Mke wangu naye ametoka huko huko. Tulikutana hapa, kila mmoja akiwa amefika peke yake. Yeye alipotezana na bintiye wa miaka sita, Riziki, siku watu walipokuwa wakigombania mitumbwi. Tangu nimuoe, kila mwaka hununua kitenge, hushona gauni kwa kukadiria kimo ambacho mtoto atakuwa amefikia, hulikunja na kuliweka sandukuni. Sikuwahi kumkataza. Ila nakiri, kila lilipoingia gauni jingine nilizidi kuchoka.

Mwaka jana alikuja karani, binti mpole nitakayemwita Tumaini, akiwa na kishikwambi. Walikuwa wakiandikisha watu waliopotezana na ndugu zao. Maswali yalikwenda vizuri hadi lililouliza kama mtoto yu hai. Majibu yalikuwa mawili tu, ndiyo na hapana.

"Sijui, mwanangu," mke wangu akasema.

"Mama, mfumo haukubali sijui."

"Basi andika kwamba namngoja."

"Hakuna pa kuandika hilo, mama."

Mke wangu akainuka, akaenda uani kugeuza mahindi aliyokuwa ameanika. Tumaini akanigeukia. "Mzee wangu, nikiishia hapa, yote tuliyojaza yanafutika."

Kwenye karatasi ningepiga mstari na kuandika pembeni, "haijulikani". Kioo kile hakikuwa na pembeni. Nikasema, "Weka hapana. Mtarekebisha huko ofisini." Nilitamka kwa wepesi mno. Sehemu ya moyo wangu ilitaka swali lile liishe nyumbani mwangu.

Wiki iliyopita Tumaini alirudi, akanikuta peke yangu.

"Mzee, kuna mwanamke alijiandikisha Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, anamtafuta mama yake. Anaitwa Riziki. Kijiji ni kile kile, na ana kovu la moto kwenye kiwiko, kama mama alivyoeleza. Mfumo haukuwaunganisha, kwa sababu aliyeandikwa amekufa hatafutwi tena. Aliambiwa hakuna anayemuulizia. Akaondoka, na namba yake haipatikani."

"Ameelekea wapi?"

"Hatujui, mzee."

Nilimsihi arekebishe kimya kimya. Akasema hawezi. Taarifa ni za mama, na hazibadilishwi mpaka asomewe kilichoandikwa, aambiwe nani alijibu, kisha aweke kidole gumba. Zisipobadilishwa, hata Riziki akijiandikisha kwingine atapewa jibu lile lile. Atarudi Alhamisi.

Nikisema, nampa mke wangu mtoto aliye hai na kumnyang'anya papo hapo, na mkono ulionyang'anya ni wangu. Nikinyamaza, namzika binti yule mara ya pili, safari hii nikijua kwamba anapumua. Nimesoma vitabu vingi maishani, na hakuna ukurasa hata mmoja unaonisaidia.

Siku ile Tumaini alipokuwa akiaga, mke wangu aliingia kutoka sokoni na kitenge kipya. Akamsimamisha mlangoni, akamwekea kitambaa mabegani. "Simama wima, binti. Wewe na binti yangu mtakuwa mnalingana." Kisha akaniambia, "Baba, hebu shika huo upande wa pili nipime."

Nikaushika.

Ndugu zangu, Alhamisi ni keshokutwa. Nianze na neno gani? Nishaurini.