Mawe Chini ya Muvure

Kila ninapofungua pipa na harufu ya ndizi zilizoanza kuchacha ikanipanda puani, tamu kwanza, kisha kali kidogo kama ganda la chungwa, mkono wangu huenda wenyewe shingoni. Wafanyakazi wangu wanadhani najikuna. Siwaelezi. Nyinyi nitawaeleza.

Kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi nyuma ya soko la Rumonge, chenye geti la bluu, ni changu. Niliondoka nchini na kitenge kimoja, nikarudi kutoka Tanzania na diploma ya usindikaji wa vyakula, nami nimeitundika mahali ambapo hata anayekuja kuuliza njia lazima aione. Kila pipa lina kipimajoto chake. Joto likipanda, nazungusha maji baridi, likishuka, nafunika. Hakuna aliyenishika mkono. Wakiniita Madamu Injenieri, sikatai.

Lakini kipimajoto cha kwanza nilichokijua kilikuwa shingo yangu.

Nyumbani kwetu Kizuka, katikati ya michikichi, pombe ilikuwa kazi ya shangazi. Juisi ya ndizi aliimimina kwenye muvure, gogo lililochongwa kama mtumbwi, akaongeza unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya migomba. Kisha akailinda. Yeye alizaliwa milimani, ambako watu huwasha moto karibu na muvure ili pombe isilale. Huku kando ya ziwa, alisema, shida ni nyingine: joto likizidi pombe inakimbia, ukifunua unakuta siki. Ilitakiwa iwe na joto la mtoto aliyelala. Na mtoto wa kupimia nilikuwa mimi.

"Wewe mudogo, njoo, leta shingo," aliita. Kiganja kimoja shingoni kwangu, kingine chini ya majani, kwenye povu, macho ameyafumba. Kama nimetoka kukimbia, alinikalisha kwanza kivulini nipoe. "Iko sawa. Nenda kacheze."

Msichoke na majivuno yangu nikisema kwamba nilijiona mtu mkubwa kuliko wote pale nyumbani.

Ndipo ikaja wiki ya mahari ya dada yangu Goreti. Mwanamume alikuwa mfanyabiashara wa mawese kutoka Nyanza-Lac, mwenye gari na kicheko kikubwa, mtu wa umri wa baba. Majirani walisema Goreti ana bahati. Goreti alipika, akafagia, akapika tena. Kwetu maneno ya mahari husemwa juu ya pombe. Ikiwa mbaya, wageni hulamba, hutazamana, huinuka, na mara nyingi hawarudi.

Siku moja kabla ya wageni, shangazi alikwenda kuazima viti, akaniacha nilinde. Nilishika shingo yangu, nikaingiza mkono chini ya majani. Povu lilikuwa la moto. Nikainama, nikakuta mawe yamesukumwa chini ya muvure, yamefungwa kwa majani mabichi, meusi kwa masizi. Niliyatoa mojamoja, mengine kwa kijiti, mengine kwa vidole. Kisha nikakimbilia mtoni na magunia, nikayalowesha, nikauvika muvure wote kama mgonjwa wa homa.

Goreti alisimama mlangoni mwa jiko akinitazama.

"Acha, mudogo wangu," alisema. "Unajichosha bure."

"Siwezi kuacha. Iko pombe yako."

Akarudi ndani.

Shangazi aliporudi alipima, akashusha pumzi, akawalaumu watoto wa jirani, ambao walilaumiwa kwa kila kitu. Kesho yake wageni walivuta kwa mirija, mzee wao akasema hajawahi kuonja pombe iliyotulia namna ile. Shangazi akaninyanyua. "Hii imeokolewa na huyu." Wakanipigia makofi. Goreti naye alipiga.

Hadithi hiyo niliisimulia kila mahali. Niliisimulia kwenye harusi yake, na baadaye nyumbani kwake, mbele ya mumewe, aliyecheka kuliko wote. Goreti aliniongezea chakula.

Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu aliuliza ni nini huharibu pombe changa haraka. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kama kawaida. "Mawe ya moto chini yake," nikasema, na darasa likacheka. Mimi nikaushusha mkono, maana nilikuwa nimeyaona tena yale masizi. Yalikuwa masizi ya jiko letu. Na wiki ile aliyepika alikuwa mmoja tu.

Sijaisimulia tena mpaka leo.

Juzi Goreti alikuja kiwandani, nywele zimeingia mvi. Nilimtembeza, nikamweleza kila kipimajoto, kwa urefu, kwa sababu nilikuwa naogopa kunyamaza. Alisikiliza. Kisha akaweka kiganja kimoja shingoni kwangu na kingine kwenye pipa, akafumba macho.

"Iko sawa," akasema.

Akaushika mkono wangu, akageuza vidole, akavitazama kimoja kimoja.

"Vilikuuma sana siku ile?"

"Kidogo tu."

"Niliyapasha sana yale mawe. Sikujua utayashika wewe. Unisamehe."

Miaka yote hiyo alikuwa na wasiwasi wa vidole vyangu. Nimesomea joto mpaka nikapewa karatasi ya kutundika ukutani. Na siku ile dada yangu alisimama mlangoni mwa jiko, karibu kabisa, nami sikuinua macho kumtazama usoni.