Udi wa Jumamosi

Harufu ya udi hunichafua tumbo. Najua ni aibu kwa mtu wa Unguja kusema hivyo, maana kwetu udi ni heshima: nguo haiendi shughulini mpaka ifukizwe, na mgeni hapokelewi mpaka chumba kinukie. Lakini mimi nikiusikia udi, nasikia na mlio wa mfupa. Nilikuwa na miaka tisa, nikikaa Ng'ambo kwa shangazi yangu Mwanakheri, katika nyumba aliyorithi kwa babu, ili nisome skuli za mjini. Mama yangu alikuwa Matemwe na mwani wake. Msimu ule shangazi alikuwa amemaliza chuo kikuu, na mahafali yake yalikuwa Jumamosi. Si hayo tu, alikuwa wa kwanza katika kundi lake, na angeitwa kwa jina apande jukwaani kupokea zawadi. Mumewe, niliyemwita Mjomba Makame, alikuwa amemkataza asiende.

Makame alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa upande wa pili wa kichochoro, ikitazamana na dirisha letu. Miaka mitatu alivumilia vitabu, kwa sababu vitabu husomwa ndani, watu hawavioni. Joho lilikuwa jambo jingine. "Mke akivaa joho, mume avae nini?" aliuliza siku moja tukila, kisha akaivunja sahani ukutani ili asijibiwe. Alikuwa na mkono mwepesi mtu yule, na mkanda wake ulikuwa na msumari wake nyuma ya mlango, pamoja na ungo na kawa. Shangazi akaacha kubishana naye. Joho akaliazima chuoni kimyakimya, akalificha kwa jirani yetu Bi Pili, mama mnene aliyekuwa akikaanga visheti vya kuuza. Asubuhi ya Jumamosi, Makame alipovuka tu kwenda kazini, Bi Pili akalileta limeviringishwa ndani ya kanga. Shangazi alilitandaza kitandani, akalipapasa, akaniambia, "Salma, leo udi usiwashe. Nnakwenda hivi hivi." Kisha akaingia kuoga.

Sikumsikiliza. Nilimpenda shangazi kupita kiasi, na sikuona vipi mtu ataitwa mbele ya Unguja nzima akiwa na nguo inayonuka stoo. Nilidhani amekataa kwa sababu ya haraka tu. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka vipande vitatu vya udi aliouhifadhi kwa ajili ya Idi, nikafunika tenga juu yake na joho juu ya tenga, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya. Moshi ukatoka dirishani, ukavuka kichochoro. Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba mke hajifukizi asubuhi mume akiwa kazini, na kwamba mume akiisikia harufu ile hafikirii chuo kikuu. Pafukapo moshi hapakosi moto, walisema wahenga, na Makame aliutafuta moto wake. Aliingia na kipande cha mbao mkononi. "Yuko wapi? Mtoe! Yuko wapi huyo mwanamme?"

Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na joho. Alilitazama, na naapa kwamba angekuta mwanamume hasira zake zingekuwa ndogo. Alikipiga teke chetezo, makaa yakatawanyika, na mkono mmoja wa joho ukashika moto. Shangazi akatoka bafuni amejifunga kanga, akalirukia joho na kuuzima moto kwa viganja vyake. Makame akampiga mgongoni. Akampiga begani. Shangazi alipoinua mkono wa kulia kukinga kichwa, mbao ikatua juu ya mkono, na ule mlio nimekwisha kuutaja. Nilimng'ata Makame pajani mpaka nikaonja chumvi ya damu, naye akanitupa ukutani, jino langu la mbele likabaki sakafuni pamoja na makaa. Nilitaka afe. Sioni haya kuliandika hilo, nilitaka afe palepale mbele yangu. Badala yake akaja Bi Pili, bila ya kupiga hodi kwa mara ya kwanza maishani mwake, ameshika mchi. Alimpiga goti la kulia, kisha la kushoto, polepole, kama mtu anayetwanga mchele wa vitumbua, mpaka Makame akaanguka na kumwita mama yake. Wanawake wawili wa nyumba ya nyuma wakaingia wakamkalia. "Nenda, mwanangu," Bi Pili akamwambia shangazi. "Huyu tunaye."

Walitaka aende hospitali kwanza. "Hospitali haifungwi," alisema, "mahafali yatakwisha." Wakamfunga mkono kwa kanga, mwiko ukawa gango la kuushikilia mfupa, naye akavaa joho lenye mkono mmoja ulioungua. Nilikaa ukumbini kwenye viti vya wazazi, nikimeza damu. Jina lake lilipoitwa alipanda ngazi bila kuyumba, na mgeni rasmi alipomnyooshea zawadi, shangazi akaipokea kwa mkono wa kushoto. Ukumbi ukaguna. Kwetu mkono wa kushoto haupokei hata karanga. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Msomi mzima, adabu hana!" Niligeuka, nikamwonyesha pengo langu lililokuwa bado likivuja. "Wa kulia umevunjwa leo," nikamwambia. Nje wenzake walitandikiwa kanga chini wapite juu yake, wakavishwa mashada ya maua, vigelegele mpaka barabarani. Sisi tulikwenda hospitali. Mkono uliungwa, lakini haukunyooka tena.

Wazee walitaka yamalizwe kimya, eti ya ndani hayatoki nje. Shangazi akaitaka talaka yake, akaipata, na nyumba ilikuwa yake. Makame alihama, lakini karakana hakuihamisha. Mpaka leo tunamwona akipita akichechemea, na mwenye kovu usidhani kapoa. Siku hizi mahafali ni picha za simu na keki zenye jina la mhitimu, na wasichana wa mtaa wetu wanatoka na majoho mchana kweupe, waume zao wakiwapiga picha. Mwaka huu ilikuwa zamu yangu. Asubuhi shangazi aliingia chumbani, amekibana chetezo kwenye ule mkono wake uliopinda. Nikaanza kulia. "Shangazi, siku ile ni mimi niliye..."

"Kwani nani mwengine?" akanikata. "Hebu fungua madirisha. Yote."

Niliyafungua. Alilifunika joho juu ya tenga mwenyewe, akaongeza udi, akaongeza tena, moshi ukajaa chumba, ukatoka, ukavuka kichochoro. Upande wa pili randa ilikuwa ikikwaruza mbao. Ikasimama. Tulisubiri, shangazi na mimi, macho mlangoni. Hakuna aliyekuja.