Mzigo wa Kujazia

Kwa miaka tisa nimekuja Guangzhou kununua nguo, na katika miaka hiyo sikukutana na mfanyabiashara hata mmoja wa kwetu niliyemheshimu, nikiwemo mimi mwenyewe. Tunadamka kwenda soko la Shahe kugombania suruali zitakazochujuka zikifuliwa mara moja. Jumapili tunakusanyika kwa ibada kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kikongo, tunaitana wapendwa, na kila mpendwa anaficha duka lenye bei nzuri asije mpendwa mwenzake akalijua. Mimi nilikaa mwisho wa meza nikiwatazama. Nilijiona mjanja kwa sababu tu sikuomba kwa sauti.

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mke wangu, huko kwetu Mwanza, alishaniacha zamani, na siku anaondoka aliniambia amechoka kubisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimwona mtu wa maneno mengi. Wapendwa walinihurumia, wakawa kila msimu wananionyesha kwenye simu picha ya mjane fulani au mwalimu mwenye tabia njema. Kila picha niliitia kasoro. Waliamini nachagua sana, kumbe hata sikuwa nazitazama.

Ghalani kwa wakala wetu kila mtu huchora alama yake kwenye viroba vyake, maana kontena moja hubeba mizigo ya watu wengi. Likifunguliwa Dar es Salaam, kiroba hupewa mwenye alama, na hakuna anayeuliza nani alikinunua. Alama yangu ilikuwa pembetatu. Siku moja nikamkuta mwanamume wa makamo, mtu wa Njombe, amepiga magoti anachora jembe kwa kalamu nene. Nikamwambia jembe lake limekaa kama mwiko. Alilitazama, akakubali kabisa, kisha akaendelea kuchora miiko kwenye viroba vyake vyote.

Alikuwa mgane, akinunua mikoba. Nguo zangu ni nzito, hukaa chini, na nafasi inayobaki juu hutafutiwa kitu chepesi. Kitu hicho sisi hukiita mzigo wa kujazia. Wakala alituunganisha, mikoba yake ikawa inasafiri juu ya marobota yangu.

Nikaanza kufuatana naye kwa basi hadi Shiling, inakoshonwa mikoba, kwa kisingizio cha kumfundisha biashara. Alinikera tangu kituoni. Alimuuliza kila mwenye duka habari za watoto kwa Kichina chake kibovu, akasahau kuuliza bei. Alisifia zipu, alisifia hata mfuko wa kufungia. Wakati wa kurudi alitoa chenza mfukoni, akalimenya, akaniwekea nusu kiganjani bila kuniuliza kama nataka. Mimi sipendi machenza, lakini nililila. Safari ya tatu nilijikuta nakisubiri kile kiganja chake kije, mtu mzima mwenye mvi.

Nilijidharau kwa hilo pia. Lakini nikagundua kwamba kila upuuzi niliouona mjini nilikuwa nauweka akiba nimsimulie, na siku nisipomwona, upuuzi wote ulikosa ladha. Mchana mmoja mvua ilinyesha hadi vichochoro vya Shahe vikajaa maji, tukabaki chumbani kwangu. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba nilimpenda, na kwamba jambo hilo nililijua juu yangu tangu ujana, nikatumia miaka thelathini kuwadharau watu ili wasinisogelee wakaliona. Kwetu jambo hilo lina jela, na lina kanisa. Mimi niliogopa kanisa zaidi.

Kiongozi wetu wa ibada ni mzee anayeuza simu bandia na kufunga kila Ijumaa. Jumapili moja, huku akitabasamu, aliniuliza mbele ya meza nzima kwa nini siku hizi mimi na mtu wa Njombe hatuachani. Watu wakaacha kutafuna. Mtu wa Njombe mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni kwangu.

"Huyu?" nikasema. "Huyu ni mzigo wa kujazia tu."

Meza ikacheka, na aliyecheka zaidi ni mimi. Yeye alimaliza wali wake, akaaga kila mtu kwa adabu zile zile zilizokuwa zikinikera, akatoka. Hao niliowaona si kitu kwa miaka tisa ndio niliomuuza kwao, ili wanione mwenzao.

Wiki nzima hakupokea simu yangu. Kisha wakala akanidokeza kwamba mtu wa Njombe anafunga biashara: kontena hili ndilo lake la mwisho, anarudi kwao kulima maparachichi. Nilikwenda ghalani asubuhi ambayo mizigo ilikuwa inasubiri kupelekwa bandari ya Huangpu. Viroba vyake vilikuwa kona ya mbali, amevihamisha visikae juu ya vyangu. Nikachukua kalamu. Nilipaka weusi juu ya kila pembetatu, na pembeni yake nikachora jembe, robota moja baada ya jingine, mzigo wangu wa msimu mzima.

Mama wa Kichina anayesimamia ghala alikuja mbio.

"Laoban, bosi, hapana. Hii mark ya rafiki," aliniambia. "Dar watampa yeye."

Nikamwambia najua. Akaniuliza kama ni yote, nikamwambia ni yote. Aliniona nimerukwa na akili, akampigia simu mwenye jembe.

Alifika amevaa ndala. Alizunguka marobota yangu, akainama, akasugua wino kwa kidole.

"Hili ni jembe?"

"Limekaa kama mwiko," nikasema.

Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Kaka mkubwa, mimi sikudai nguo," alisema. "Haya umeyachora hapa, hakuna anayetuona. Yale uliyasema mezani. Kayafute kule kule."

Basi Jumapili nikaenda. Alikuwepo, amekaa karibu na mlango kama mtu mwenye safari. Nilisimama kabla ya kuombea chakula. Kati ya vyote nilivyovidharau duniani, siku ile niliidharau zaidi hofu yangu mbele ya muuza simu bandia.

"Nilidanganya kwenye meza hii," nikasema. "Huyu si wa kujazia. Huyu ndiye mtu ninayempenda."

Mzee akafunga Biblia. Watu watatu wakahamia meza nyingine na sahani zao, maana chakula wenyewe hawakuwa tayari kukisusa. Mmoja alishatoa simu, na naamini Mwanza walijua kabla sijaketi. Nilijua nimepoteza kanisa, na pengine mji wa kurudia. Mama wa Kikongo ndiye pekee aliyesogea, akaweka pilipili katikati ya meza.

"Mangez, papa, kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Nikaketi. Mtu wa Njombe aliinuka pale mlangoni, nikadhani anaondoka. Alikuja akakaa ubavuni kwangu, mahali pake pa siku zote. Akatoa chenza mfukoni, akalimenya polepole, maganda akayapanga mezani mbele ya wapendwa wote, na nusu akaiweka kiganjani kwangu.

Lilikuwa chachu sana. Niliila nusu yangu yote, wakitazama.